Meno ya Bandia: ya Mkono na ya Mashine

Mtu mzima huwa na meno 32. Meno yasipotunzwa huoza au hulegea. Mwisho hung'olewa. Mtu asiye na jino hata moja huitwa kibogoyo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 60 au zaidi, 23 ni vibogoyo.

Kibogoyo hupata shida. Hawezi kutafuna nyama wala mahindi ya kuchoma. Maneno yake hayasikiki vizuri. Wengine huona haya kucheka mbele za watu. Mtu huyu anaweza kusaidiwa kwa meno ya bandia. Siku hizi meno hayo hutengenezwa kwa njia mbili. Tuzilinganishe.

1. Njia ya mkono

Njia hii ya plastiki ngumu imetumika tangu miaka ya 1930. Daktari wa meno hutia dawa laini katika kibati maalum, akakibana kwenye fizi za mgonjwa. Dawa ikiganda huwa imeshika umbo la fizi. Fundi humimina plasta humo, akapata mfano wa fizi. Juu ya mfano huo hupanga meno katika nta. Mgonjwa huyajaribu. Yakimkaa vizuri, nta huondolewa na mahali pake hutiwa plastiki. Plastiki hiyo hupikwa katika maji ya moto hadi iwe ngumu. Kwa kawaida mgonjwa huenda kwa daktari kama mara 5.

2. Njia ya mashine

Mwaka 1983, Charles Hull wa Marekani alibuni mashine ya kuchapa vitu. Mashine hii haichapi maneno kwenye karatasi. Hugandisha plastiki ya majimaji kwa mwanga, tabaka moja juu ya jingine, mpaka kitu kikamilike.

Leo meno ya bandia nayo huchapwa hivyo. Umbo la fizi hupigwa picha na kuingizwa katika kompyuta. Fundi hupanga meno kwenye kioo cha kompyuta, kisha mashine huyachapa. Mara nyingi safari za mgonjwa hupungua.

3. Ipi ni bora?

Kila njia ina faida yake. Meno ya mashine huokoa muda. Tena vipimo hubaki katika kompyuta. Meno yakipotea, mengine huweza kuchapwa bila kuanza upya. Kwa mtu akaaye mbali na hospitali, hiyo ni nauli iliyookolewa.

Lakini katika majaribio mengi, plastiki iliyopikwa imeonekana kuwa imara kuliko iliyochapwa. Pia fizi ni laini, na kuzipiga picha ni kazi ngumu. Kwa hiyo madaktari wengi bado huchukua umbo kwa dawa, ndipo wakaliingiza katika kompyuta. Mashine haijaondoa mkono wa daktari.

Jambo kubwa ni meno kukaa vizuri kinywani. Meno yasiyokaa vizuri huleta vidonda, na mwenyewe huyaacha kabatini. Hapo fedha imepotea, yawe ya mkono au ya mashine. Kabla ya kulipa, uliza: Bei yote ni kiasi gani? Nitarudi mara ngapi? Yakinibana, nani atayarekebisha? Yakivunjika je?

4. Kuyatunza

Yavue usiku, uyaweke katika maji safi. Usitumie maji ya moto, maana hupinda. Yasugue kila siku kwa mswaki laini na sabuni. Unapoyaosha, weka beseni la maji chini yake, yasianguke yakavunjika. Usiyachonge mwenyewe kwa kisu. Fizi hubadilika kadiri miaka inavyopita, hivyo yakilegea mrudie daktari. Kidonda cha kinywani kisichopona kwa wiki 2 kionyeshe hospitali.

Maswali

1. Nta hutumika kwa kazi gani?
2. Taja faida moja ya meno ya mashine na faida moja ya meno ya mkono.
3. Kwa nini tusioshe meno ya bandia kwa maji ya moto?
4. Jadilianeni darasani: Mzee wa kijiji chenu anataka meno ya bandia. Mtamshauri aulize nini kabla ya kutoa fedha yake?