Ulimi Hutangaza Njaa Iliyofichika

Mganga wa hospitali akimpokea mgonjwa, mara nyingi humwambia, "Toa ulimi." Wengi hudhani ni desturi tu. Sivyo. Ngozi ya ulimi hujifanya upya kila siku chache, nayo kazi hiyo yahitaji vitamini daima. Kwa hiyo zikipungua mwilini, ulimi huweza kuonyesha mapema, mtu angali akitembea na kulima.

Ulimi mzima una vinundu vidogo sana, na ukipitisha kidole wakwaruza. Vitamini za jamii ya B zikikosekana, vinundu hivyo hunyauka. Ulimi huwa laini, hung'aa, na chakula cha moto huuchoma. Pengine pembe za mdomo hupasuka. Hiyo yaweza kuwa dalili ya kukosa vitamini B2, iliyomo katika maziwa, mayai na mboga za majani. (Maziwa msiyaache juani, maana mwanga huiharibu vitamini hiyo.)

Ngara na Biharamulo kuna ndizi, maharage, muhogo, mahindi na viazi vitamu. Vyashibisha, na maharage ni mema sana. Lakini nyumba inayokula ugali karibu peke yake, mwezi hata mwezi, imo hatarini. Mahindi yana niasini, yaani vitamini B3, ila imefungwa ndani ya punje, mwili hauwezi kuipata vema. Watu wa Meksiko tangu kale huyachemsha mahindi kwa chokaa au majivu, nayo niasini hufunguka. Nchi nyingine ziliyapokea mahindi bila kuipokea desturi hiyo, na maskini wao wakapatwa na pelagra: ulimi mwekundu wenye kuvimba, ngozi kuungua mahali penye jua, kuhara, akili kuchafuka, na mwisho kifo. Mwaka 1937, huko Marekani, Conrad Elvehjem na wenzake waliwaponya kwa niasini mbwa wenye ugonjwa wa ulimi mweusi; ndipo dawa ya pelagra ya wanadamu ikajulikana.

Msidhani ni habari za mbali. Watu wa Ngara hawajasahau Aprili 1994, wakimbizi wa Rwanda walipovuka daraja la Rusumo, zaidi ya 200,000 kwa muda wa siku moja tu, wakakaa Benako wakila chakula cha kugawiwa. Mtu wa namna hiyo hachagui chakula. Kitu kimoja kikiondolewa katika mgawo, hana shamba la kukitafutia. Wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi waliyaona hayo miaka minne kabla. Karanga zilikatika katika mgawo wao, yakabaki mahindi, na katika mwaka 1990 watu zaidi ya 18,000 walishikwa na pelagra. Karanga tu!

Sasa tuseme habari ya vitamini B12. Hiyo haimo katika ndizi wala maharage, bali katika nyama, samaki, mayai na maziwa, na hasa katika maini. Dagaa wa Ziwa Viktoria, wakitiwa katika mboga, ni msaada mkubwa kwa mtu asiyeweza kununua nyama. Lakini wazee wengine, hata wakila vema, matumbo yao hayaichukui. Ulimi huwaka, damu hupungua, miguu hufa ganzi. Hapo naonya kwa nguvu: mzee wa namna hiyo asinunuliwe vidonge vya foliki peke yake. Damu yaweza kuongezeka na ulimi kupoa, nyumba nzima ikafurahi, kumbe mishipa ya fahamu yazidi kuharibika, na pengine haitapona tena. Apelekwe hospitali apimwe. Sindano za B12 zipo.

Foliki yenyewe ni njema, tena mama mjamzito huihitaji sana. Imo katika maharage na mboga za majani. Ila mkizichemsha mno na kuyamwaga maji yake, mmeimwaga nayo.

Wapo wanaousugua ulimi unaouma kwa chumvi, au kumdhania jirani uchawi. Wamwache jirani, watazame chungu. Walakini si kila ulimi mbaya ni wa vitamini. Utando mweupe unaobanduka, ukiacha wekundu chini yake, mara nyingi ni fangasi, nao una dawa yake. Na kidonda kigumu cha upande mmoja, kisichopona kwa majuma matatu, kionyeshwe kwa daktari upesi, kwa kuwa chaweza kuwa saratani, hata kama hakiumi.