Kabla hujanunua ng'ombe wa tatu

Masika yanaishia kwenye miteremko ya Kilimanjaro, na matete bado ni mabichi kwenye kingo za mashamba. Wiki hizi ndizo zitakazoamua kama ng'ombe wako wa maziwa atakulipa mwezi Septemba au atakula akiba yako. Anayengoja kiangazi kikolee ndipo atafute malisho atayanunua kwa bei ya mwenye gari, tena wakati maziwa yameshapungua.

Wafugaji wengi wa ng'ombe wawili huuliza kama waongeze wa tatu ili faida ionekane. Nasema hapana, mpaka hao wawili walishwe vizuri na washike mimba kwa wakati.

Ng'ombe hula kila siku, lakini hakamwi kila siku, na hapo ndipo fedha inapopotelea. Mimba yake huchukua siku 280 hivi. Akipandishwa kati ya siku ya 60 na ya 90 baada ya kuzaa, na mimba ikashika, atazaa tena baada ya miezi 12 hivi. Akizaa kila baada ya miezi 18, katika miaka 3 umepata ndama 2 pale ambapo jirani amepata 3, na kwa miezi mingi umelisha ng'ombe asiyekamulika. Ndama akifa nyumba nzima huhuzunika. Hasara hii ya kuchelewa hupita kimya, na kwa maoni yangu ndiyo kubwa kuliko zote zizini.

Kuchelewa huko huletwa zaidi na njaa na kutoangalia. Ng'ombe aliyekonda baada ya kuzaa huchelewa kuingia kwenye joto. Akiingia, hudumu humo saa 12 hadi 18 tu, kisha ungoje tena siku 21 hivi. Anayefungiwa peke yake hana mwenzake wa kumpanda, kwa hiyo tazama dalili ndogo: kulialia, kutotulia, ute angavu ukeni, maziwa kupungua ghafla. Mchungulie alfajiri na kabla ya kulala. Ukiziona asubuhi, mhimilishaji aje jioni. Ukiziona jioni, aje asubuhi inayofuata. Tarehe iandikwe, hata kwa chaki ukutani.

Turudi kwenye malisho. Ng'ombe wa kilo 400 anahitaji kilo 50 hadi 60 za majani mabichi kwa siku. Kata matete yakiwa na urefu wa mita 1 hivi. Yakikomaa zaidi hubaki vijiti. Yanayozidi yakatekate, yanyaushe kidogo, yashindilie kwenye mfuko mzito wa nailoni hadi hewa itoke, funga, na usifungue kabla ya mwezi kupita. Mabua ya mahindi ya shamba la tambarare yapandishwe nyumbani mara baada ya mavuno na kuwekwa pasipo mvua. Ila mabua matupu hujaza tumbo tu. Ongeza majani ya lusina au kaliandra, pumba na mashudu.

Na maji! Anayetoa lita 10 za maziwa anaweza kunywa zaidi ya lita 50 kwa siku. Akibaniwa maji, hata mashudu ya bei hayatasaidia. Weka mfereji kwenye paa la zizi na pipa chini yake.

Unapopiga hesabu, maziwa yanayonywewa nyumbani na samadi inayokwenda kwenye migomba na kahawa ni mapato. Kazi ya mke, mume na watoto nayo ni gharama, iandikwe.

Mwezi huu kadiria malisho uliyonayo na siku zilizobaki hadi vuli. Yakitosha ng'ombe mmoja tu, mwuze mwingine sasa, angali amenona.