Kufuta Faili Si Kufuta Data

Je, shule, sacco au zahanati yenu inauza seva kuukuu ya Unix? Amri ya rm huondoa jina la faili tu. Nambari za vitambulisho na rekodi za wagonjwa husalia kwenye diski hadi data nyingine iandikwe juu yake. Fuata hatua hizi:

1. Weka nakala ya data mnayohitaji.
2. Washa seva kwa CD, kisha hakikisha jina la diski. Amri ya dd haiulizi mara mbili.
3. Tumia dd kujaza sufuri diski nzima.
4. Isome tena kuthibitisha.

Diski mbovu isiyofutika, ivunjwe.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawataka wanaohifadhi taarifa za watu kuzilinda. Anayenunua mashine asinunue siri za wananchi.