Mbegu za Nyanya: Anzia Katika Kikopo

Pakiti ya mbegu haionyeshi uhai wa kilichomo. Kabla ya kulipa, twamshauri mnunuzi asome tarehe ya mwisho wa matumizi, kisha akwangue kibandiko cha KEPHIS na kutuma namba yake kwa ujumbe mfupi kwenda 1393. Nyumbani, apande kwanza mbegu 10 katika vikopo vyenye matundu, kina cha sentimita 1, udongo uwe na unyevu bila kutota. Penye joto, nyanya huchipua baina ya siku 5 na 10. Zikiota mbili tu, pakiti iliyosalia na risiti ndizo ushahidi wetu mbele ya muuzaji. Aliyemwaga zote hana cha kuonyesha. Miche yenye majani manne halisi ihamishiwe jioni, pamoja na udongo wake, kwenye ndoo ya lita 20 iliyotobolewa.