Mtoto Asiyeweza Hesabu

Mara nyingi taarifa ya shule iletwapo nyumbani, twasikia neno lile lile. Baba atazama alama za hesabu, kisha anena: “Hata mimi sikuziweza. Katika damu yetu hesabu hazimo.” Mtoto asikia, na tangu siku hiyo amepewa ruhusa ya kushindwa.

Wazazi wapenzi, tujihadhari na neno hilo. Ni kweli wapo watoto wachache ambao hupata taabu ya pekee kutambua wingi wa vitu, hata wakiwa hodari wa kusoma. Hao wahitaji msaada wa mtu aliyefundishwa kazi hiyo. Lakini wengi sivyo walivyo. Hesabu hujengwa kama ukuta, tofali juu ya tofali; likikosekana moja la chini, yote ya juu huyumba.

Tofali likosekanalo mara nyingi ni sehemu. Mwulize mtoto: nusu na robo, jumla yake nini? Huenda akaandika 2/6, kwa kuwa amejumlisha namba za juu, kisha za chini. Huyo si mjinga. Amefuata desturi aliyoizoea katika namba nzima. Lakini tazama: 2/6 ni theluthi, nayo ni ndogo kuliko nusu. Ameongeza, akapata pungufu! Wala hashangai, maana kwake hizo ni alama za wino tu, si vitu.

Basi mweleze pishi ya wazee wetu. Pishi ni vibaba 4. Nusu yake ni kisaga, yaani vibaba 2; robo yake ni kibaba 1. Kisaga na kibaba ni vibaba 3, yaani 3/4 ya pishi. Mpimie nafaka kwa kikombe, aone kwa macho yake.

Jambo hili si dogo. Mwaka 2012 Robert Siegler wa Marekani na wenzake walitangaza uchunguzi wao juu ya wanafunzi wa Marekani na Uingereza. Waliona ya kuwa watoto waliozielewa sehemu na kugawanya walipokuwa na miaka 10 hivi, ndio walioelekea kufaulu hesabu katika sekondari, hata baada ya kuzingatia tofauti za akili, na za elimu na mapato ya wazazi.

Kwa hiyo kijana wa sekondari akishindwa aljebra, tusimkemee wala tusimcheke. Hofu huijaza akili, isipate nafasi ya kufikiri. Turudi naye nyuma, pengine hata darasa la nne, tulitafute tofali lililokosekana. Na baba aliyesema “sikuziweza” aketi naye mezani. Huenda naye akaligundua la kwake.