Kinda wa kaloli yuko stoo

SWALI: Daktari, upepo umeangusha kinda wa kaloli (korongo marabou) karibu na soko la Wandegeya, Kampala. Nimemweka stoo, namlisha mabaki ya muchomo (nyama choma). Anagongagonga mdomo nikimkaribia, na miguu imekuwa myeupe. Anaumwa? Naweza kumfuga?

JIBU: Asante kwa huruma yako, maana wengi humwona kaloli kama uchafu wenye mabawa, ilhali huyu ndiye anayetusafishia mizoga na majalala.

Weupe wa miguuni si ugonjwa. Kaloli hujinyea miguu makusudi ili kupunguza joto mwilini. Kugonga mdomo nako ni onyo, kwani ndege huyu hana sauti nyingi. Mheshimu: mkaribie polepole, macho yako yakiwa mbali na mdomo wake.

Kinachonitia hofu ni hiyo nyama. Mifupa ya kinda inakua haraka, na minofu mitupu haina kalsiamu ya kutosha. Miguu hupinda, na ikipinda ni vigumu kuinyoosha. Acha kabisa nyama yenye chumvi na viungo. Kwa leo mpe samaki wadogo wabichi, wazima na mifupa yao. Usimmiminie maji mdomoni. Sakafu laini inateleza, tandika gunia.

Kumfuga, hapana. Ni mnyamapori, analindwa na sheria, na akizoea watu hataogopa kinachoweza kumuua. Wasiliana na kituo cha UWEC, Entebbe, kinachopokea wanyamapori waliookolewa. Akiwa na jeraha, chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere kiko jirani yako. Mpeleke leo.