KIPANDAUSO NA DAWA ZA TUMBO

Katika mji wa Voi, kama katika miji mingi ya Kenya, mtu aliyeshikwa na maumivu makali ya kichwa pamoja na kichefuchefu huenda dukani akaomba vitu viwili: vidonge vya kichwa na dawa ya kiungulia. Mmoja hukoroga unga wa Eno katika gilasi ya maji. Mwingine hutafuna vidonge vyeupe vya magnesiamu. Na wako wanaolamba magadi. Wote husema neno moja: "Nyongo imepanda, tumbo likitulia, kichwa nacho kitatulia." Je, ni kweli? Imo kweli ndani ya maneno hayo, lakini haipo pale ambapo wengi huitafuta. Na kukosea hapo kwaweza kumgharimu mtu maisha yake, hasa mama mwenye mimba.

Ugonjwa Wenyewe

Si kila maumivu ya kichwa ni kipandauso. Kipandauso ni maradhi ya ubongo na neva zake, nayo hurudi mara kwa mara. Mara nyingi kichwa huuma upande mmoja, kikipwita kama mapigo ya moyo. Mgonjwa hupata kichefuchefu, pengine hutapika, naye huchukia mwanga na kelele. Asipotibiwa, mtu mzima huweza kuumwa kwa muda wa saa 4 hata 72. Wengine huona vimulimuli kabla ya maumivu kuanza. Maradhi haya huwapata wanawake kiasi cha mara tatu kuliko wanaume, na mara nyingi hufuata ukoo.

Dhana ya kwamba yatoka tumboni ni ya zamani sana. Galen, tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2, alifundisha kwamba mvuke hupanda kutoka tumboni ukaingia kichwani. Si ajabu watu walisadiki, kwa maana mgonjwa hutapika maji machungu ya manjano, na baadaye wengine hupata nafuu. Lakini mtu atapikaye na tumbo tupu hutoa nyongo kwa sababu hakuna kitu kingine cha kutoka. Nyongo hiyo ni dalili, wala si chanzo. Chanzo ki kichwani, nao ubongo ndio unaolivuruga tumbo.

Tumbo Lililolala

Kwa kawaida tumbo husukuma chakula na dawa kwenda katika utumbo mdogo, na huko ndiko dawa nyingi huingia katika damu. Wakati wa kipandauso tumbo la wagonjwa wengi hupunguza mwendo wake. Kidonge kilichomezwa hukaa humo kama gari moshi lililozuiwa stesheni: shehena imo, lakini haifiki inakotakiwa. Ndiyo sababu mtu husema, "Nimemeza vidonge na havikunisaidia," kisha akameza vingine.

Mwaka 1974 tabibu wa Uingereza, G. N. Volans, alionyesha kwamba aspirini iliyomezwa wakati wa kipandauso huchelewa kuingia katika damu. Mwaka 1975 alionyesha kwamba dawa iitwayo metoklopramaidi, ambayo huzuia kutapika na kuliamsha tumbo, huisaidia aspirini kuingia vema zaidi. Tena mwaka 1995 uchunguzi uliofanywa Ulaya ulionyesha kwamba aina ya aspirini iyeyukayo, ikitolewa pamoja na metoklopramaidi, ilifaa karibu sawa na sumatriptani, dawa iliyotengenezwa mahsusi kwa kipandauso.

Basi yafaa kutofautisha aina mbili za dawa za tumbo. Aina ya kwanza hupunguza makali ya asidi, kama Eno na vidonge vya magnesiamu. Hizi hutuliza kiungulia, lakini haziponyi kipandauso. Aina ya pili huzuia kichefuchefu na kulifanya tumbo lisukume. Hizi ndizo zilizothibitika kuwasaidia wenye kipandauso, nazo hutolewa kwa maagizo ya mganga. Metoklopramaidi haifai kujinunulia ovyo, maana kwa baadhi ya watu, hasa vijana, huweza kukaza misuli ya uso na shingo.

Mtu aweza kuuliza: mbona wengine hupata nafuu wakinywa dawa ichemkayo katika maji? Kama dawa hiyo ina aspirini ndani yake, sababu ni kwamba imekwisha kuyeyuka, basi haina kazi ya kuvunjikavunjika tumboni. Eno haina aspirini. Tena ina sodiamu nyingi, kama magadi yalivyo nayo, na sodiamu nyingi haimfai mtu mwenye shindikizo kubwa la damu.

Mambo ya Kufanya

1. Dawa ya maumivu inywewe mapema, kichwa kinapoanza kuuma, kabla tumbo halijalala. Ya kuyeyushwa katika maji ni bora.

2. Aspirini asipewe mtoto aliye chini ya miaka 16, wala mwenye vidonda vya tumbo. Mama mwenye mimba asiinywe ila kwa amri ya mganga.

3. Siku zihesabiwe. Mtu anayemeza aspirini au paracetamol siku 15 au zaidi katika mwezi, kwa muda wa miezi, huweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa zenyewe. Kwa vidonge vyenye mchanganyiko wa dawa kadha, siku 10 zatosha kuleta madhara hayo.

4. Tumbo likianza kuungua baada ya aspirini nyingi, mtu asilifunike kwa dawa ya kiungulia. Huenda ni kidonda. Choo cheusi kama lami, au matapishi yenye damu, ni jambo la kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

5. Kukosa chakula, kukosa usingizi na kukosa maji huamsha kipandauso. Dereva wa lori asafiriye usiku kucha katika barabara ya Mombasa, na mkata mkonge anayeshinda juani bila kula asubuhi, wote wawili hujikinga zaidi kwa uji, maji na usingizi kuliko kwa gilasi ya Eno.

Hatari Inayofanana na Kiungulia

Jambo hili lisomwe na kila mume na kila mkwe. Mama ambaye mimba yake imepita majuma 20, akiumwa kichwa kisichotulia, akaona vimulimuli, akavimba uso na mikono, au akasikia maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, asipewe magadi wala dawa ya kiungulia na kuambiwa alale. Hizo ni dalili za shindikizo la damu la mimba, ambalo huweza kugeuka kifafa cha mimba na kumwua mama pamoja na mtoto. Apelekwe upesi akapimwe damu na mkojo. Hospitalini hupewa sindano ya magnesiamu salfeti. Uchunguzi mkubwa uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kwamba sindano hiyo hupunguza hatari ya kifafa kwa nusu. Vidonge vya magnesiamu vya dukani haviwezi kufanya kazi hiyo, ingawa jina lafanana.

Kadhalika, kichwa kiumacho pamoja na homa na kutapika chaweza kuwa malaria, wala malaria haijulikani kwa kukisia, bali kwa kupimwa damu. Shingo ikikazana, au maumivu yakija ghafula kwa nguvu isiyopata kuonekana, au mkono mmoja ukilegea, mgonjwa asingojeshwe hata saa moja.

Kwa watu wa Voi, Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi imo mjini. Walio mbali waanzie zahanati iliyo karibu. Ampelekaye mgonjwa aeleze wazi maumivu yalianza lini, yanaumaje, na dawa zote alizokwisha kumeza, hata zile za dukani.